Kupindua na Kutambua: Lugha ya Habari za Mapinduzi katika Mpaka wa Lunga Lunga, 1964–1983

Lunga Lunga ni mji mdogo wa Kwale ulio kando ya barabara itokayo Mombasa kwenda Tanga. Ng'ambo ya mpaka ni Horohoro. Mpaka wenyewe una asili yake katika mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1886, nao ulipita katikati ya Wadigo pasipo wenyewe kuulizwa. Kwa mtaalamu wa lugha, mahali hapa pana faida ya pekee. Katika miaka ya sitini na sabini, mtu mwenye redio aliweza, akiwa barazani kwake, kuisikia habari moja kwa Kiswahili kutoka pande tatu: Sauti ya Kenya kutoka Nairobi, Radio Tanzania kutoka Dar es Salaam, na Idhaa ya Kiswahili ya BBC kutoka London, iliyoanza mwaka 1957. Wote watatu walitumia Kiswahili sanifu. Hata hivyo, kila palipotokea mapinduzi na mataifa yakaanza kutoa kauli zao, msikilizaji huyo alikuwa na kazi ya kupima maneno. Makala haya yanashughulikia hasa vitenzi viwili, kupindua na kutambua.

Kupindua ni neno la kale la kazi za mikono na la baharini. Mkeka hupinduliwa, chapati hupinduliwa chunguni, na ngalawa ikipigwa na wimbi hupinduka. Neno lenyewe halisemi kama kilichogeuzwa kilistahili kugeuzwa. Sifa njema liliipata Unguja, baada ya tarehe 12 Januari 1964, lilipokuwa jina la tukio, la sikukuu, na la chombo cha utawala, yaani Baraza la Mapinduzi. Kwa wale waliokimbia Unguja wakaja kuishi katika pwani ya Kenya, neno hilo hilo lilikuwa chungu. Hivyo tangu mwanzo mapinduzi hayakuwa na ladha moja mwambaoni.

Wapo wanaodai kwamba Kiswahili kina upungufu hapa, maadam Kiingereza kimeazima kwa Wafaransa neno moja la wanajeshi kunyakua madaraka, na kina jingine kwa ajili ya umma kuuondoa utawala, ilhali Kiswahili kina mapinduzi tu. Hoja hii haina nguvu sana. Mwenye kutaka kutofautisha husema mapinduzi ya kijeshi, au hutumia uasi, maasi, au kunyakua madaraka. Askari wa Tanganyika, Uganda na Kenya walipogoma katika kambi zao mwezi huo huo wa Januari 1964, tukio hilo liliitwa maasi, wala halikuchanganywa na la Unguja. Maneno yalikuwapo. Swali lilikuwa ni nani angeyachagua, na kwa amri ya nani.

Swali hilo lilikuja kwa nguvu tarehe 25 Januari 1971, Idi Amin alipomwondoa Milton Obote. Obote alikuwa Singapore katika mkutano wa Jumuiya ya Madola. Alasiri ya siku hiyo askari mmoja alisoma katika Redio Uganda sababu 18 za kitendo hicho. Obote alipitia Nairobi, hakukaa, akaendelea hadi Dar es Salaam. Siku chache baadaye serikali ya Tanzania ilitangaza kwamba ingali inamhesabu Obote kuwa Rais wa Uganda na kwamba haitambui mamlaka ya waliompindua. Uingereza nayo iliitambua serikali ya Amin tarehe 5 Februari, na magazeti kadhaa ya London yalimpokea kwa maneno ya ukarimu ambayo hayakudumu. Kenya haikulaani wala haikusifu. Mizigo ya Uganda ilipitia bandari ya Mombasa na reli, na serikali ya Nairobi iliyahesabu yaliyotokea kuwa mambo ya ndani ya nchi nyingine.

Redio za Nairobi na Dar es Salaam zilikuwa mali ya serikali. Kwa hiyo msimamo wa serikali uliingia katika sarufi ya habari kabla haujaingia katika maoni. Jambo la kwanza ni cheo. Palipo na “Rais Obote” hapahitajiki sentensi nyingine kueleza msimamo wa msemaji, na palipo na “Rais wa zamani” pia hapahitajiki. Neno la zamani, ambalo kwa kawaida hueleza wakati tu, hapa lilikuwa hukumu. Jambo la pili ni kitenzi. Mtangazaji wa Dar es Salaam alikuwa katika mashaka ambayo mwenzake wa Nairobi hakuwa nayo: Mapinduzi lilikuwa jina tukufu katika sehemu ya nchi yake mwenyewe, na kumpa Amin neno hilo pasipo kulifunga kwa kivumishi ilikuwa kama kumvika joho la mwingine.

Kuhusu kutambua, jambo ni zito zaidi. Kwa asili, kutambua ni kumjua mtu au kitu kwa dalili zake, kama anavyotambuliwa mtu gizani kwa sauti. Kinachotambuliwa kilikuwapo tayari. Lakini katika lugha ya mabalozi kutambua ni kitendo cha hiari: nchi huweza kuiona serikali, ikajua kwamba ipo, na bado isiitambue. Msikilizaji aliyeambiwa kwamba Uingereza “imeitambua” serikali mpya aliweza kuelewa kwamba London imeona ukweli wa mambo, na papo hapo aliyeambiwa kwamba Tanzania “haitambui” aliweza kudhani kwamba Dar es Salaam haijui kilichotokea. Neno kukubali lingekuwa wazi zaidi, kwa kuwa huonyesha hiari ya mwenye kukubali. Pengine ndiyo sababu halikuwapendeza mabalozi.

Hesabu ya siku ingeweza kumsaidia msikilizaji mwenye kumbukumbu. Baada ya Mapinduzi ya Unguja, Uingereza ilichukua siku 42, hadi tarehe 23 Februari 1964, kuitambua serikali ya Karume. Kwa Amin zilitosha siku 11. Taarifa inayosema tu kwamba nchi fulani imeitambua serikali fulani huficha muda, na katika muda ndimo mlimo na maana.

Isidhaniwe kwamba magazeti ya upande wa Tanzania yalikuwa sauti moja. Mwaka huo huo wa 1971 mhariri wa The Standard la Dar es Salaam, Frene Ginwala, aliondolewa kazini baada ya gazeti hilo kushutumu kunyongwa kwa viongozi wa Kikomunisti nchini Sudan, kulikofuata mapinduzi yaliyoshindwa dhidi ya Nimeiri. Gazeti lilikuwa la serikali, lakini lilisema ambayo serikali haikutaka kuyasema juu ya nchi rafiki.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na Tanzania ikaufunga mpaka. Tangu hapo kilichovuka Lunga Lunga kwa uhuru kilikuwa mawimbi ya redio. Ndivyo ilivyokuwa Jumapili tarehe 1 Agosti 1982, wanajeshi wa anga wa Kenya walipoiteka Sauti ya Kenya na kumlazimisha mtangazaji Leonard Mambo Mbotela kutangaza kwamba serikali imepinduliwa. Kwa saa chache redio ya Nairobi ilitumia kitenzi hicho kwa maana ya jambo lililotimia. Kabla ya siku kwisha redio ilikuwa imerudi mikononi mwa serikali, na kupinduliwa kukawa jaribio la kupindua.

Hezekiah Ochuka na Pancras Oteyo Okumu walikimbilia Tanzania kwa ndege. Huko walipewa hifadhi, kwa hiyo jina lao likawa wakimbizi. Nairobi iliwaita wahaini. Maneno hayo mawili yalikaa kila upande wa mpaka uliofungwa kwa zaidi ya mwaka. Mnamo Novemba 1983 nchi hizo mbili zilipatana. Tanzania iliwarudisha watu hao, Kenya nayo ikarudisha waliotakiwa Tanzania, na barabara ya Lunga Lunga ikafunguliwa. Ochuka alihukumiwa kwa kosa la uhaini akanyongwa mwaka 1987.