Paka mzee anayekunywa maji kupita kiasi: ni sukari, ni figo, au vyote viwili?

Najua wapo watakaocheka wakisoma kichwa cha habari, "paka naye anaumwa kisukari?" Anaumwa, tena sana tu, hasa akishazeeka. Na akiwa na bahati mbaya anapata na figo juu yake.

Hapa kwetu Segese tuna paka dume wa bibi, alichukuliwa akiwa mdogo kwa ajili ya panya wa magunia ya mpunga. Sasa ana miaka 13. Alianza kumaliza bakuli zima la maji, kisha anaenda kunywa kwenye beseni la vyombo, usiku anakojoa ndani. Maji yenyewe tunanunua kwa dumu. Tukakubaliana nyumba nzima: usiku tumwondolee bakuli asikojoe. Siku ya tatu alishindwa kusimama. Tulipomfikisha kwa daktari wa mifugo Kahama, vipimo vikaonyesha vyote viwili, sukari na figo. Kosa lilikuwa letu, ndio maana nawaandikia yasiwakute.

Kwa nini ana kiu

Figo zikichoka zinashindwa kubana maji, mkojo unatoka mwingi na mwepesi kama maji. Kwenye kisukari, sukari ikipanda kwenye damu hadi kama 14 au 16 (mmol/L, kipimo cha mashine zetu za hospitali), figo zinashindwa kuirudisha yote, inamwagika kwenye mkojo na kuvuta maji. Kwa hiyo paka anakunywa ili afidie yaliyotoka. Kiu sio ugonjwa, ni kujiokoa. USIMNYIME MAJI HATA SIKU MOJA. Weka bakuli mbili tatu sehemu tofauti, maji safi kila siku. Na asinywe kwenye madimbwi ya kuoshea dhahabu, zebaki inaharibu figo.

Utatofautishaje

- Kisukari: anakula sana lakini anakonda. Akizidiwa anatembea visigino vya nyuma vikigusa chini.
- Figo: hamu ya chakula inapungua, anatapika, mdomo unanuka, fizi zinapauka, choo kinakuwa kigumu. Presha ikipanda anaweza kupofuka ghafla, mboni zinabaki wazi hata juani.
- Vyote viwili: dalili zinachanganyika, kwa hiyo usikisie, mpime.

Kipimo cha kuanzia ni rahisi. Mfungie kwenye chumba chenye beseni la kokoto ndogo zilizooshwa na kukaushwa badala ya mchanga. Akikojoa, mimina mkojo kwenye chupa safi, upimwe kwa vile vijiti vya rangi vya kupimia mkojo wa binadamu. Sukari ikionekana pamoja na dalili za juu, kisukari kinanukia. Ikionekana na kitu kinaitwa ketoni, hiyo ni dharura, usingoje kesho. Paka aliyeogopa anaweza kupandisha sukari kwa muda, kwa hiyo kipimo kimoja hakitoshi.

Figo zinapimwa kwa damu (kriatinini) pamoja na uzito wa mkojo. Ujue kwamba kriatinini mara nyingi hupanda wakati karibu robo tatu ya kazi ya figo imeshapotea. Majibu mazuri ya damu peke yake yasikupe usingizi.

Afisa mifugo wa kata anaweza kukuelekeza kwa daktari. Kesi ngumu, hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine (SUA) Morogoro ipo, ila kutoka huku kwetu ni safari.

Chakula: hapa ndipo magonjwa yanapogombana

Kisukari kinataka nyama nyingi na wanga kidogo. Figo zinataka fosforasi kidogo na nyama isizidi. Utamridhisha nani? Daktari alituambia hivi: paka mgonjwa kwanza ale. Paka asiyekula anakufa kabla ya hizo hesabu.

Ugali punguza au acha, ni wanga. Dagaa mzima na mifupa yake ana fosforasi nyingi, kwa hiyo tumia minofu ya samaki au kuku, chemsha bila chumvi. Ongezea ute mweupe wa yai lililochemshwa, una protini nzuri na fosforasi kidogo. Mwagia maji au supu isiyo na chumvi. Kitunguu maji na kitunguu saumu ni sumu kwa paka. Usibadilishe chakula ghafla, hasa akiwa ameshaanza sindano.

Insulini

Ni sindano chini ya ngozi, kawaida mara mbili kwa siku, kila baada ya saa 12. Dozi anapanga daktari, mara nyingi inaanzia uniti 1 tu. Zingatia:

1. Hajala au anatapika? Usichome, mpigie daktari.
2. Insulini ya U-100 inatumia bomba la U-100. Ukichanganya na bomba la U-40 dozi inakosewa mara mbili na nusu.
3. Figo ndizo husafisha sehemu ya insulini mwilini. Zikichoka, insulini inakaa muda mrefu, kwa hiyo dozi ya jana inaweza kuwa kubwa leo.
4. Akiyumba, akitetemeka au akipata degedege, sukari imeshuka. Mpake asali au maji ya sukari kwenye fizi, usimmiminie kooni, kisha mbio kwa daktari. Mashine ikisoma chini ya 4, ni hatari.
5. Ihifadhi nyuzi 2 hadi 8, isigande. Hamna friji? Mtungi ndani ya mtungi, katikati mchanga wenye maji, kivulini. Unapoza kiasi, sio kama friji.

Bibi yangu naye ana kisukari, na vijiti vya mashine ni hela. Kwetu sheria ni moja: bibi kwanza. Mashine tunatumia moja, lakini kijisindano cha kutobolea na bomba havichangiwi kamwe. Na vidonge vya bibi paka hapewi.

Marekani iliidhinisha dawa za mdomo za kisukari cha paka, Bexacat mwaka 2022 na Senvelgo 2023. Ukizisikia usizikimbilie. Figo lazima zipimwe kwanza, na paka anayechomwa insulini hafai kuhamishiwa huko kienyeji.

Marufuku kabisa

Panadol inaua paka, hata kidonge kimoja. Diclofenac na ibuprofen zinamalizia figo. Dripu ya chini ya ngozi inasaidia paka aliyekauka, ila ufundishwe na daktari kwanza.

Ikifika mwisho

Kisukari cha paka wakati mwingine kinatulia hadi sindano zinaachwa. Figo zilizokufa hazirudi. Akikataa chakula siku kadhaa, hawezi kusimama, hajisafishi tena manyoya, muulize daktari kuhusu kumpumzisha bila maumivu. Kumtia kwenye gunia na kumtupa shimoni ni ukatili, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili kwa wanyama.

Wa kwetu bado yupo, analala palepale juu ya magunia. Kila asubuhi kabla sijashika bomba nauliza kwanza: "Bibi, amekula?" Akisema hapana, bomba linarudi kwenye mtungi.

Kama dakika zako za kafe zinaisha, nakili japo ile sehemu ya maji na ya insulini. Mwenye swali au uzoefu, aandike hapo chini. Naomba kuwasilisha.