Maji ya Wote, Ruhusa ya Nani?

Tarehe 25 Januari 1945, vita vikiwa bado vinapamba moto Ulaya, mtambo wa maji wa Grand Rapids, mji wa jimbo la Michigan nchini Marekani, ulianza kutia unga wa sodiamu floridi kwenye maji ya bomba. Kipimo kilikuwa miligramu 1 kwa kila lita. Watu zaidi ya 160,000 wakawa wa kwanza duniani kunyweshwa madini hayo kwa makusudi, ili meno ya watoto yasioze. Madiwani walikuwa wameshapitisha jambo hilo mwaka uliotangulia. Wananchi hawakupigishwa kura.

Mtu wa Maji ya Chai, nje kidogo ya Arusha, akisimuliwa habari hiyo ana haki ya kucheka. Kwao floridi haijawahi kununuliwa. Inatoka kwenye miamba ya volkano ya Mlima Meru, inashuka na chemchemi, inaingia visimani na mtoni, kisha inakaa kwenye meno ya mtoto yakiwa bado ndani ya ufizi. Yakichomoza yana mabaka, tena mabaka ya kahawia. Pale ambapo kiwango kimepanda sana, hata mifupa ya miguu hupinda. Wamarekani wanamimina, sisi tunatafuta namna ya kuchuja.

Ajabu ni kwamba visa hivi viwili vina asili moja. Mwaka 1901 daktari wa meno kijana, Frederick McKay, alihamia Colorado Springs akakuta wenyeji wengi wana meno ya kahawia, na hakuna aliyejua sababu. Alilifuatilia suala hilo kwa miongo mitatu. Mwaka 1923 akaitwa Oakley, kijiji cha Idaho, ambako akina mama walikuwa na shaka yao: meno ya watoto yalianza kuharibika rangi baada ya kijiji kuvuta bomba kutoka chemchemi ya maji ya uvuguvugu. McKay aliyapima maji yale na hakuona kitu. Hata hivyo aliwashauri waliache bomba lile, wavute maji kwingine. Walifanya hivyo, na baada ya miaka michache meno mapya yakaota meupe. Jina la mhalifu lilipatikana mwaka 1931 tu, pale mkemia wa kampuni ya alumini, H. V. Churchill, alipoyapima upya maji ya mji wa Bauxite, Arkansas, na kukuta floridi. Ninawapenda akina mama wa Oakley kuliko wote katika hadithi hii. Walimtangulia mkemia kwa miaka minane.

McKay alikuwa ameona jambo jingine: meno yale ya kahawia hayakuwa yakioza hovyo. H. Trendley Dean, daktari wa meno wa serikali kuu, akazunguka mji hadi mji akilinganisha maji na vinywa vya watoto, mpaka akafika kwenye kile kipimo cha miligramu 1, ambapo uozo unapungua na mabaka karibu hayaonekani. Grand Rapids ilikuwa jaribio la kipimo hicho. Muskegon, mji jirani, uliachwa na maji yake ya kawaida ili pawe na cha kulinganisha. Jaribio lilipangwa kuchukua miaka 15, na watoto karibu 30,000 wa shule walikaguliwa vinywa. Baada ya miaka 11, waliozaliwa tangu floridi ianze kutiwa walikuwa na uozo pungufu kwa zaidi ya asilimia 60. Muskegon haikungoja mwisho: mwaka 1951 nayo ikatia floridi, na mji wa kulinganishia ukawa umetoweka.

Hapo ndipo ulipojengeka utaratibu wa Kimarekani: wataalamu wanapendekeza, halmashauri inapitisha, mtambo unatekeleza, na wananchi wanaelezwa. Sehemu nyingi ulifanya kazi kimyakimya. Stevens Point, Wisconsin, ulikwama. Mwaka 1950 wakazi walidai kura wakaikataa floridi, na tangu hapo kura za aina hiyo zikasambaa nchi nzima. Walikuwepo waliodai kwamba floridi ni njama ya Wakomunisti, na ni rahisi kuwacheka hao. Lakini katika umati ule alikuwepo pia mtu aliyeuliza jambo la maana kabisa: mbona hamkuniuliza kabla? Maofisa wa afya, kwa kuwa takwimu zilikuwa upande wao, walimweka kapu moja na wa njama. Kwa maoni yangu kosa lao kubwa lilikuwa hilo.

Uingereza nayo iliingia kwa tahadhari zake. Miaka ile afya ya mji ilikuwa mikononi mwa halmashauri, yenye kamati yake ya afya na mganga mkuu wake, na diwani alijua kwamba uchaguzi uko karibu. Kati ya 1955 na 1956 majaribio yalianza Watford, Kilmarnock, Andover na sehemu ya kisiwa cha Anglesey. Andover iliacha mwaka 1958, Kilmarnock mwaka 1962. Meno ya watoto wa Kilmarnock waliozaliwa baadaye yakarudi kuoza kama ya wenzao wa Ayr, mji uliokuwa ukilinganishwa nao. Ndivyo mfumo ule ulivyokuwa: sanduku la kura lilikuwa na uwezo wa kuifuta dawa inayofanya kazi, na liliutumia uwezo huo bila haya. Waswisi walikwepa ugomvi kwa njia yao: kuanzia 1955 waliweka floridi kwenye chumvi, na mnunuzi akajichagulia pakiti dukani. Ni jambo lisilo geni kwetu tuliozoea chumvi yenye madini joto.

Uholanzi ndiko swali lilikofikishwa mwisho. Tiel ilianza kutia floridi mwaka 1953, Culemborg ikiwa mji wa kulinganisha, na matokeo yalikuwa mazuri. Miji mingine ikafuata. Wapinzani hawakwenda kwenye maabara wala kwenye kura, walikwenda mahakamani. Mwaka 1973 Mahakama ya Juu iliamua kwamba sheria ya maji haikuwapa wasambazaji ruhusa ya kutia kitu kwa lengo lisilohusu usafi wa maji yenyewe. Majaji hawakusema floridi ni sumu. Walisema tu kwamba hakuna sheria iliyotoa ruhusa hiyo. Kufikia 1976 Uholanzi nzima ilikuwa imeacha.

Sasa turudi Meru, ambako swali linageuka juu chini. Hapa hakuna aliyetia, kwa hiyo hakuna wa kushtakiwa. Miaka ya 1970 Tanzania iliweka kiwango cha muda cha miligramu 8 kwa lita kwa maji ya vijijini, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi 1.5. Nane haikutoka kwenye vinywa vya watoto kama moja ya Dean. Ilitoka kwenye hesabu ya visima: wangeshika 1.5, vijiji vingi vingebaki bila maji halali ya kunywa. Simlaumu aliyeandika nane, kwa sababu kiu huua upesi kuliko floridi. Baadaye kiwango kilishushwa hadi 4, kisha 1.5. Lakini mlima hausomi viwango.

Na si maji peke yake. Mama anayechemsha makande hutia magadi ili maharage yaive haraka na kuni zisiishe, na magadi ya huko nayo yana floridi. Hapo halmashauri haina bomba la kufunga.

Dawa iliyopatikana Ngurdoto, kwenye kituo cha utafiti cha kuondoa floridi, ni mifupa ya ng'ombe. Huchomwa ikawa mkaa, husagwa chembechembe, hujazwa kwenye ndoo yenye bomba chini, na maji yakipita humo floridi hunasa. Ng'ambo ya mpaka, Dayosisi Katoliki ya Nakuru nayo imetumia mkaa wa mifupa kwa miaka mingi. Chujio hilo ni rahisi, lakini lina tabia moja ya kuudhi: mkaa ukishashiba, maji yanaendelea kutoka safi vilevile, hayabadiliki rangi wala ladha. Hujui mpaka upime. Grand Rapids mtu mmoja kwenye mtambo alipima kwa niaba ya mji mzima, na kosa lake lilikuwa na pa kupelekwa. Kwenye ndoo ya jikoni anayepaswa kupima ni mwenye nyumba, na kifaa cha kupimia hana.