Mapipa kwa siku: Namna ya kuzisoma tarakimu za kisima cha mafuta

KATIKA biashara ya utafutaji wa mafuta, ni tarakimu chache zinazobishaniwa na wanahisa wadogo kama idadi ya mapipa yanayotoka kisimani kwa siku. Kampuni huitangaza baada ya majaribio, na ndani ya saa chache bei ya hisa hupanda au kuporomoka. Kwa mtu aliyeweka akiba yake katika kampuni yenye kisima kimoja au viwili tu, kuisoma tarakimu hiyo vibaya kunaweza kumpotezea akiba yote.

Mfano ulio wazi ni Horse Hill, eneo lililopo Surrey, kusini mwa Uingereza, karibu na uwanja wa ndege wa Gatwick. Kisima cha kwanza, Horse Hill-1, kilichimbwa mwaka 2014. Miongoni mwa wabia wa mradi huo ilikuwamo kampuni ya UK Oil & Gas Investments, ambayo hisa zake ziliuzwa katika AIM, soko la London lililoanzishwa mwaka 1995 kwa ajili ya kampuni ndogo zinazokua. Kwa kuwa hisa moja iliuzwa kwa peni chache, hata mtu wa kipato cha kawaida aliweza kumiliki maelfu ya hisa.

Aprili 2015, kampuni hiyo ilitangaza makadirio ya mapipa milioni 158 ya mafuta kwa kila maili moja ya mraba. Vyombo vya habari vikaeneza habari za mapipa bilioni 100 chini ya bonde zima la Weald, na bei ya hisa ikapaa. Siku chache baadaye kampuni ilitoa ufafanuzi kwamba makadirio yake hayakuwa ya bonde zima. Aidha, hayo yalikuwa mafuta yaliyomo ardhini. Sehemu iliyotarajiwa kuweza kutolewa ilitajwa kuwa kati ya asilimia 3 na 15.

Majaribio ya mwaka 2016

Februari na Machi 2016 matabaka matatu ya mwamba yalijaribiwa, moja baada ya jingine. Tabaka la chini la mawe ya chokaa ya Kimmeridge lilitoa mafuta kwa kasi ya zaidi ya mapipa 463 kwa siku, na la juu mapipa 901. Tabaka la mawe ya mchanga la Portland, kwa msaada wa pampu, lilifikia mapipa 323. Jumla ikatangazwa kuwa mapipa 1,688 kwa siku.

Hapo ndipo hoja za wawekezaji huachana. Wenye matumaini huchukua jumla kama hiyo, wakaizidisha kwa siku 365 na kwa bei ya pipa, kisha wakaigawanya kwa idadi ya hisa. Wenye shaka huuliza iwapo kisima kilichopimwa kwa muda mfupi kinaweza kuhesabiwa kana kwamba kitaendelea hivyo mwaka mzima. Kanuni za AIM zinataka matangazo ya aina hii yapitiwe na mtaalamu mwenye sifa. Hata hivyo, mtaalamu huhakiki kilichopimwa. Hawezi kumdhamini msomaji kuhusu kitakachotokea kesho.

Maswali manne ya kuuliza

La kwanza ni muda. Maneno "mapipa kwa siku" hayana maana kwamba kisima kilitiririka siku nzima. Mara nyingi kipimo cha saa chache hukuzwa kuwa cha saa 24. Jaribio la miezi kadhaa lina uzito mkubwa zaidi.

La pili ni upana wa tundu la kudhibiti mtiririko pamoja na shinikizo. Tundu hupimwa kwa sehemu za 64 za inchi. Likipanuliwa, mafuta hutoka kwa wingi, lakini shinikizo la kisima laweza kushuka haraka. Kasi kubwa inayoambatana na shinikizo linaloporomoka si habari njema.

La tatu ni aina ya mwamba. Katika mwamba wenye nyufa za asili, mafuta yaliyomo kwenye nyufa hutoka kwanza kwa kasi. Nyufa zikishapungukiwa, kisima hutegemea mafuta yanayopenya polepole kutoka ndani ya mwamba wenyewe.

La nne ni maji. Kisima kinachotoa mafuta matupu leo kinaweza kutoa maji kesho, na maji hayo hugharimu fedha kuyatenganisha, kuyasafirisha na kuyatupa.

Kilichofuata

Majaribio marefu yalianza Julai 2018, na mwaka 2019 kikachimbwa kisima cha mlalo, Horse Hill-2z, ambacho kiliingiliwa na maji. Kibali cha uzalishaji wa muda mrefu kilianza kutumika Machi 2020. Uzalishaji huo ulitegemea zaidi tabaka la Portland, lile lililokuwa la mwisho kwa kasi mwaka 2016. Katika miaka ya mwisho mafuta yaliyotoka hayakufika mapipa 100 kwa siku. Wakati huo huo kampuni ilitoa hisa mpya mara kwa mara ili kupata fedha, na sehemu ya kila mwanahisa wa zamani ikazidi kupungua.

Juni 20, 2024, Mahakama ya Juu ya Uingereza, kwa kura 3 dhidi ya 2, ilibatilisha kibali kilichotolewa na Halmashauri ya Surrey mwaka 2019. Sababu ilikuwa kwamba halmashauri haikutathmini hewa chafu itakayotokana na kuchomwa kwa mafuta hayo. Uzalishaji ulisimamishwa Oktoba mwaka huo.

Afrika Mashariki nayo ina funzo lake. Februari 2013, kampuni ya Tullow ilitangaza kuwa kisima cha Twiga South-1, Turkana nchini Kenya, kilitoa jumla ya mapipa 2,812 kwa siku, na kwamba vifaa bora vingeweza kukifikisha mapipa 5,200. Mafuta yalikuwapo kweli, na shehena ya kwanza ilisafirishwa nje kupitia Mombasa Agosti 2019 baada ya kubebwa kwa malori. Lakini bila bomba la kuyafikisha pwani, hadi mwaka 2024 uzalishaji wa kibiashara ulikuwa haujaanza.

Dalili ya mvua ni mawingu, lakini si kila wingu huleta mvua. Jaribio la kisima huthibitisha kwamba mafuta yanaweza kufika juu. Halielezi yatadumu kwa muda gani, yatafika sokoni kwa gharama ipi, wala ni hisa ngapi zitakazogawana mapato. Mwekezaji mdogo anayetafuta majibu ya mambo hayo kabla ya kufungua kikokotoo ana nafasi nzuri zaidi ya kuinusuru akiba yake.