Petroli au dizeli kwa safari ndefu za kila siku (Karagwe na Kyerwa)

Katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, Tanzania, uchaguzi kati ya gari la petroli na gari la dizeli hutegemea kwanza njia, kisha mzigo, kisha kilomita zinazotembewa kwa mwaka. Bei ya lita huja baada ya hayo. Suala hili linawagusa walimu, wauguzi, watumishi wa halmashauri, wanunuzi wa kahawa na wafanyabiashara wanaoishi mji mmoja na kufanya kazi mwingine. Kwao gari ni tumizi kubwa la pili baada ya nyumba, na kosa la kuchagua hulipwa kwa miaka mingi.

Mazingira na barabara

Makao makuu ya Karagwe yako Kayanga. Kyerwa ilimegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, na makao yake yako Rubwera. Vituo vyake vingine vya biashara ni pamoja na Nkwenda, Kaisho, Isingiro na Murongo, mpakani na Uganda kwenye Mto Kagera. Sehemu kubwa ya eneo hili ni vilima na mabonde, na vilima vingi viko kati ya mita 1,400 na 1,800 juu ya usawa wa bahari. Bukoba iko kando ya Ziwa Viktoria, ambalo uso wake uko mita 1,134 hivi.

Kwa msafiri wa kila siku kuna njia za aina mbili. Ya kwanza ni lami ya Kayanga, Kyaka hadi Bukoba, kilomita zaidi ya 110. Kipande cha Kyaka hadi Bugene, karibu na Kayanga, chenye kilomita 59, kiliwekwa lami katika muongo wa 2010. Ya pili ni barabara za changarawe na udongo zinazoingia vijijini, pamoja na njia ndefu ya kutoka mji wa Omurushaka, Karagwe, kupitia Nkwenda hadi Murongo, inayozidi kilomita 100 na ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ya vumbi. Mvua hunyesha misimu miwili, masika kuanzia Machi hadi Mei na vuli kuanzia Septemba hadi Desemba. Katika misimu hiyo udongo huteleza, na mlima unaopandwa kwa dakika tano wakati wa kiangazi unaweza kulizuia gari dogo siku nzima.

Tofauti ya injini

Injini ya petroli huchanganya mafuta na hewa, kisha cheche ya plagi huwasha mchanganyiko huo. Injini ya dizeli, iliyobuniwa na Rudolf Diesel na kufanya kazi kwa mafanikio mwaka 1897 huko Augsburg, Ujerumani, haina plagi za cheche. Hewa hushindiliwa mpaka ipate joto kali, na mafuta yanayopulizwa humo huwaka yenyewe. Ushindiliaji huo mkubwa, pamoja na nishati ya lita ya dizeli inayozidi ya petroli kwa asilimia 10 hadi 13, ndio unaoifanya dizeli iende mbali zaidi kwa lita moja.

Tofauti ya pili ni nguvu ya kuvuta. Injini za dizeli kama 1HZ ya Land Cruiser, yenye ujazo wa sentimita za ujazo 4,164, hufikia kilele cha nguvu hiyo kwenye mizunguko 2,000 na kidogo kwa dakika. Injini ndogo ya petroli kama 1NZ-FE ya Probox na IST huifikia baada ya mizunguko 4,000. Ndiyo maana gari la dizeli lenye mzigo hupanda kilima polepole kwa gia moja bila kulia, wakati gari dogo la petroli hulazimika kukanyagwa sana.

Mwinuko nao una sehemu yake. Kwenye mita 1,600 hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko pwani, hivyo injini yoyote isiyo na turbo, ya petroli au ya dizeli, hupungukiwa nguvu. Turbo hurudisha sehemu kubwa ya upungufu huo, na dizeli nyingi za miaka ya karibuni zinayo.

Bei ya mafuta

Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) hutangaza bei kikomo za rejareja kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Bei hizo hujumuisha gharama ya kusafirisha mafuta kutoka bandari za Dar es Salaam, Tanga na Mtwara. Kwa kuwa malori hutembea zaidi ya kilomita 1,400 kufika Kagera, Karagwe na Kyerwa huwa miongoni mwa maeneo yenye bei ya juu zaidi nchini. Kila lita inayookolewa huku ina thamani zaidi kuliko ile ya Dar es Salaam.

Imani kwamba dizeli ni rahisi siku zote haina msingi. Mei 2022, bei kikomo ya Dar es Salaam ilikuwa shilingi 3,148 kwa petroli na 3,258 kwa dizeli. Mwezi uliofuata Serikali ilitoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kupunguza makali. Anayenunua gari kwa kutegemea pengo la bei ya mwezi mmoja anajenga juu ya jambo linalobadilika kila mwezi.

Tangu mwaka wa fedha 2017/18, ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa na ushuru wa mafuta ukaongezwa shilingi 40 kwa lita. Kwa hiyo anayesafiri mbali ndiye anayelipa zaidi, na gari linalokunywa mafuta mengi humgharimu mwenyewe mara mbili.

Hesabu ya ulaji wa mafuta

Kosa la kawaida ni kulinganisha magari yasiyofanya kazi moja. Mfano ufuatao unachukua lita moja kuwa shilingi 3,300 kwa mafuta yote mawili:

- Pikapu ya petroli ya lita 2.7 ikienda kilomita 8 kwa lita: shilingi 412 kwa kilomita.
- Pikapu ya dizeli ya ukubwa huohuo ikienda kilomita 11 kwa lita: shilingi 300 kwa kilomita.
- Gari dogo la petroli la lita 1.5 likienda kilomita 15 kwa lita: shilingi 220 kwa kilomita.

Kati ya pikapu mbili, dizeli inaokoa shilingi 112 kwa kilomita. Ikiwa matengenezo yake yanazidi kwa shilingi 30 kwa kilomita, faida inabaki shilingi 82. Ikiwa ilinunuliwa kwa shilingi milioni 6 zaidi, fedha hizo zitarudi baada ya kilomita 73,000 hivi. Anayekwenda Bukoba kutoka Kayanga na kurudi siku nne kwa wiki hufikisha kilomita hizo ndani ya miaka miwili. Anayetembea kilomita 12,000 kwa mwaka atahitaji miaka sita, na huenda akaliuza kabla.

Lakini mstari wa tatu ndio unaosahaulika. Kwa mtu mmoja mwenye begi la kazi, anayepita kwenye lami tupu, gari dogo la petroli huzishinda pikapu zote mbili.

Matengenezo na ubora wa mafuta

Dizeli za zamani zenye pampu ya kawaida, kama 1HZ, 3L na 5L za Hilux na Hiace, hutengenezeka katika gereji nyingi za Kayanga na Omurushaka. Dizeli za kisasa husukuma mafuta kwa shinikizo linalozidi baa 1,300, na nozeli zake huharibiwa na maji au uchafu kidogo tu. Nozeli moja mbovu inaweza kumeza akiba ya mafuta ya miezi kadhaa, na mara nyingi kipimo chake hupatikana Mwanza au mbali zaidi.

Uchakachuaji, yaani kuchanganya dizeli na mafuta ya taa, ulienea sana kabla ya Serikali kuweka vinasaba, yaani alama za utambuzi, kwenye mafuta kuanzia 2010 na kupandisha ushuru wa mafuta ya taa mwaka 2011. Hata sasa, mwenye dizeli ya kisasa ajaze kwenye sheli yenye mauzo makubwa, amwage maji kwenye filta mara kwa mara, na asinunue mafuta ya madumu. Vijijini petroli ya chupa hupatikana kwa urahisi kwa sababu ya bodaboda, lakini kubeba dumu la petroli ndani ya gari ni hatari kubwa ya moto.

Baadhi ya dizeli za kisasa, kama Mazda CX-5 ya lita 2.2, zina chujio la masizi kwenye ekzosi. Chujio hilo hujisafisha kwa joto la mwendo mrefu wa kasi thabiti. Safari ya Kayanga hadi Bukoba hulifaa. Mizunguko mifupi ya mjini huliziba.

Moshi wa dizeli uliwekwa mwaka 2012 na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani kwenye orodha ya visababishi vya saratani. Kuacha injini ikinguruma nje ya shule au zahanati ni kuwadhuru walio karibu.

Ununuzi na kodi

Magari mengi hufika yakiwa yametumika Japani. Mbali na ushuru wa forodha wa asilimia 25 na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, gari la abiria la sentimita za ujazo 1,001 hadi 2,000 hutozwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 5, na linalozidi 2,000 asilimia 10. Dizeli nyingi huangukia kundi la pili. Gari lenye umri wa miaka 8 au zaidi huongezewa tozo ya uchakavu.

Chaguo kulingana na safari

- Lami ya Kayanga hadi Bukoba, mtu mmoja au wawili: gari dogo la petroli.
- Lami hiyohiyo, abiria wengi au mizigo, kilomita nyingi kwa mwaka: dizeli yenye turbo na kumbukumbu za matengenezo.
- Vijiji vya Kyerwa mwaka mzima, pamoja na mizigo ya kahawa au ndizi: dizeli ya zamani yenye kuendesha magurudumu yote manne.
- Vijijini mara chache, bila mzigo: petroli iliyoinuka, yenye kuendesha magurudumu yote manne. Dizeli hapa hairudishi gharama yake.

Uwekaji lami kuelekea Nkwenda na Murongo unabadilisha hesabu hii. Kila kipande kinachokamilika kinapunguza sababu ya kumiliki dizeli kubwa kwa ajili ya kwenda kazini tu, na kumwezesha mtumishi wa Kyerwa kutumia gari dogo ambalo zamani lilimfaa mtu wa Bukoba pekee. Anayenunua leo aitazame barabara atakayoipita kwa miaka mitano ijayo, kisha ndipo achague mafuta.