Injini Isiyochemsha: Historia ya Motokaa Ndogo ya Volkswagen na Magonjwa Yake



Leo ni zamu ya historia. Mwanafunzi mmoja wa elimu ya watu wazima aliniuliza hivi: "Nimeweka akiba yangu kwa muda mrefu. Kuna motokaa ndogo ya zamani inauzwa, Volkswagen yenye mgongo kama kobe. Mwenye kuiuza anasema injini yake haichemshi kamwe. Je, ni kweli, na je, niinunue?" Swali ni fupi, lakini jibu lake lina miaka zaidi ya 80 ndani yake. Basi na tulifuate tangu mwanzo.

Muuzaji huyo hakusema uwongo. Motokaa nyingi hupozwa kwa maji. Maji huzunguka kando ya silinda, huchukua joto, hulipeleka kwenye rejeta, na huko upepo huyapoza. Yakipungua, mvuke hutoka chini ya boneti, dereva akauona, akasimama, akaenda kutafuta maji. Bila shaka mmewaona madereva wa malori wakingoja kando ya mlima na madebe yao. Lakini Volkswagen ya mgongo wa kobe haina maji hata tone. Injini yake iko nyuma. Silinda zake nne zina mapezi ya chuma kama mapezi ya samaki, na feni kubwa husukuma hewa kati ya mapezi hayo. Mahali pasipo na maji hapawezi kuchemka kitu.

Kwa nini ilifanywa hivyo? Mwaka 1934 serikali ya Ujerumani, iliyokuwa mikononi mwa Adolf Hitler, ilimpa mhandisi Ferdinand Porsche kazi ya kubuni motokaa ambayo mtu wa kawaida ataweza kuinunua, bei yake isifike mark 1,000. Jina Volkswagen maana yake ni motokaa ya watu. Siku zile Wajerumani wengi hawakuwa na banda la kuwekea motokaa. Wakati wa baridi ingelala nje, na maji yakilala ndani ya injini katika baridi kali huwa barafu, na barafu hutanuka ikapasua chuma. Hewa haigandi. Ndiyo sababu wakachagua hewa. Shikeni jambo hili: injini hii ilipozwa kwa hewa kwa kuogopa baridi. Aliyeibuni hakuwa akifikiri mlima wenye jua la saa nane mchana.

Kabla sijafika kwenye magonjwa yake, sina budi kuwaeleza habari ya stempu, kwa kuwa hata huyo aliyeniuliza ni mtu wa akiba. Wajerumani waliambiwa wanunue stempu za mark 5 kila juma na kuzibandika katika kitabu, na kitabu kikijaa watapata motokaa. Zaidi ya watu 300,000 walijiandikisha. Jiwe la msingi la kiwanda likawekwa mwaka 1938, na mwaka 1939 vita vikaanza. Kiwanda kikageuzwa kufanya motokaa za jeshi, na wengi waliofanya kazi humo walikuwa watu waliolazimishwa, wafungwa na mateka waliotolewa katika nchi zilizotekwa. Katika wale wenye stempu, hakuna hata mmoja aliyepewa motokaa. Baada ya vita baadhi yao walikwenda mahakamani, wakashindana na kampuni miaka mingi, mpaka mwaka 1961 yalipofanyika mapatano wapunguziwe bei ya motokaa mpya, au wapewe fedha kidogo mkononi. Mtu aliyeanza kubandika stempu akiwa kijana alikuwa na mvi.

Vita vilipokwisha mwaka 1945, kiwanda kilikuwa katika sehemu ya nchi iliyotawaliwa na jeshi la Uingereza. Paa lilikuwa limetobolewa kwa mabomu. Wenye viwanda vya motokaa vya Uingereza waliikagua motokaa ile, hawakuitaka. Lakini afisa mmoja wa jeshi lao, Meja Ivan Hirst, aliona kuwa jeshi lina shida ya motokaa, akakianzisha kiwanda tena na kupata agizo la motokaa 20,000. Mwaka 1949 Waingereza wakakirudisha mikononi mwa Wajerumani. Kutoka hapo motokaa hizo zikaenea duniani kote. Ya mwisho ilitoka kiwandani Puebla, nchini Mexico, tarehe 30 Julai 2003, na jumla yake ilikuwa 21,529,464. Wenye madaftari, andikeni tarakimu hiyo, kisha jizoezeni kuisoma kwa sauti.

Afrika ya Mashariki iliifahamu mapema. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, katika vumbi na matope. Volkswagen ilishinda mwaka 1954, ikashinda tena mwaka 1957 na mwaka 1962. Watu waliiona ikipita palipowashinda wakubwa, na neno "haichemshi" likashika. Lakini kumbukeni kuwa motokaa ya mashindano hufunguliwa na kuangaliwa na mafundi kila mara. Motokaa ya kununua kwa mtu imeangaliwa kwa kadiri ya fedha na bidii ya mtu huyo.

Sasa tuingie ndani ya injini. Mvuke wa motokaa ya maji ni adha, lakini pia ni mjumbe. Hukuambia, "Simama, ninaungua." Injini ya hewa haina mjumbe wa namna hiyo. Huungua kimya. Nayo katika zile silinda nne inayo moja inayoungua kuliko wenzake, nayo ni namba 3.

Sababu yake ni hii. Oili ya injini hii ni kidogo, lita 2.5 tu, na kazi yake si kulainisha peke yake, bali na kuchukua joto. Kwa hiyo waliweka chombo cha kupozea oili. Wakakisimamisha ndani ya sanduku lile lile la bati linalopitisha hewa ya feni, juu ya silinda namba 3. Hewa inayokwenda namba 3 huzuiliwa kidogo na chombo hicho, na inayopita huwa imekwisha kupata joto la oili. Wenye kiwanda walilijua jambo hilo. Katika distributa nyingi za injini hizo walifanya cheche ya namba 3 ichelewe kidogo kuliko za wenzake, ili ipunguziwe joto. Ilikuwa dawa ya kutuliza, haikuponya. Nguvu za injini ziliongezwa mara kwa mara: farasi 25 baada ya vita, 30 mwaka 1954, 34 mwaka 1960, 40 mwaka 1965. Chombo kile hakikuondolewa mahali pake mpaka motokaa za mwaka 1971, walipokitoa nje ya njia ya hewa. Mimi naona walichelewa, lakini maneno ni rahisi kwa mtu asiye na kiwanda.

Kinachoumia katika namba 3 ni vali ya kutolea moshi. Vali ni mlango mdogo wa chuma wenye shina refu. Ya moshi hupitiwa na moto wenyewe. Ikizidi joto, shina hurefuka kidogo kidogo, kama mpira unaovutwa. Kati ya shina na mkono unaolisukuma kuna nafasi nyembamba sana, na mafundi hupima nafasi hiyo wanaposema wanarekebisha tepeti. Shina likirefuka, nafasi hupungua. Ikiisha kabisa, mlango haufungi sawasawa, moto hupita ubavuni mwake, na joto huzidi tena. Siku moja kichwa cha vali hukatika.

Nayajua haya kwa gharama. Nilipoanza kazi ya elimu nilinunua Volkswagen ya mwaka 1968 kwa mtu. Injini ilikuwa imeoshwa ikang'aa, nikafurahi. Nilikuwa na diploma ya chuo kikuu, na sikuwa nimeshika spana hata siku moja. Miezi michache baadaye nilikuwa nikipanda mlima Kitonga kwenda Iringa. Niliona nguvu zinapungua, nikasema moyoni, "Ni mlima." Halafu nikasikia mlio kama wa nyundo ndani ya debe, mara tatu au nne, na injini ikafa. Nililipa lori linivute mpaka Iringa.

Fundi alikuwa mzee mwenye maneno machache. Alipofungua alinionyesha pistoni ya namba 3, na kichwa cha vali kimezama ndani yake kama sarafu ndani ya tope.

"Mwalimu," akasema, "ulikuwa ukipima tepeti?"

Nikamjibu, "Shikamoo, mzee. Sikujua kama hupimwa."

Hakucheka. Akaniuliza kama motokaa ilikuja na karatasi zake. Nikakumbuka kulikuwa na kijitabu katika kisanduku cha mbele, chini ya vitambaa na risiti. Nilikuwa nakiona kila siku. Fundi akafuta mikono, akakifungua, akasoma polepole huku kidole kikifuata mstari. Mwenye motokaa wa zamani alikuwa ameandika kwa penseli, pamoja na tarehe na maili: "Namba 3 imebana. Nimelegeza." Kurasa mbili mbele: "Namba 3 imebana tena." Kisha mara ya tatu, baada ya maili chache zaidi. Baada ya hapo hakuandika kitu. Aliuza.

Injini mpya ilinigharimu zaidi ya nusu ya bei ya motokaa yenyewe.

Kwa hiyo namjibu mwanafunzi wetu. Usiogope motokaa hiyo kwa kuwa ni ya zamani, lakini usilipe kabla ya kuitazama. Nenda asubuhi, injini ikiwa baridi, na mtake muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Injini ikiwa imezimwa, shika puli ya chini kwa mkono, uivute kwako na kuisukuma. Ukiisikia inacheza na kugonga, sehemu za katikati zimekwisha kulika, na kazi ya kuzitengeneza ni kubwa. Vuta kijiti cha oili ukitazame. Oili nyeusi si dhambi, lakini oili iliyo chini ya alama katika injini yenye lita 2.5 ni dalili ya mtu asiyetazama. Waulize tepeti zilipimwa lini. Tepeti hupimwa injini ikiwa baridi, na maili 3,000 kwa kawaida hazipiti bila kuzipima na kubadili oili. Fundi akikuambia ya namba 3 hubana kila mara, usinunue mpaka bei ya kufungua injini imetolewa katika bei ya motokaa.

Kisha tazama mabati. Hapa wengi hukosea, hata mafundi. Injini hii imezungukwa na mabati, na kati ya mabati na bodi kuna ukanda wa mpira. Kazi yake ni kutenga hewa baridi ya juu na hewa ya moto iliyo chini, kwenye bomba la moshi. Mtu akishughulika na injini huyaona mabati yanamsumbua, huyatoa, na asiyarudishe. Motokaa hutembea vizuri tu, hata dereva husema ni nyepesi. Lakini feni sasa inavuta hewa ya bomba la moshi na kuisukuma kwenye silinda. Nimeona Volkswagen nyingi zisizo na mabati hayo, na wenyewe wakishangaa kwa nini injini hazidumu.

Tazama mpira wa petroli juu ya injini. Ukiwa mkavu, una nyufa, au unanuka, usiwashe. Petroli ikidondoka juu ya injini ya moto, motokaa huteketea, na chuma cha injini hii kina magnesiamu, ambayo ikishika moto ni vigumu sana kuizima. Tazama pia kisafisha hewa. Cha zamani kina oili chini yake ya kunasa vumbi. Oili ile ikiwa imekauka, vumbi lote la barabarani limekwenda kwenye pistoni.

Jambo jingine ni mkanda wa feni. Feni na dainamo viko kwenye mhimili mmoja, vinazungushwa na mkanda mmoja. Mkanda ukikatika, taa nyekundu mbele ya dereva huwaka. Dereva aliyezoea motokaa nyingine hufikiri ni habari ya betri tu, akaendelea mpaka nyumbani. Katika Volkswagen taa ile ina maana kwamba hewa imesimama. Zima papo hapo, hata kama umebakiza nusu maili, hata kama mvua inanyesha. Taa hiyo ndiyo mvuke wake.

Na ukinunua iliyotoka kabla ya Agosti 1961, usitafute geji ya petroli, maana haina. Ina bomba la akiba chini, karibu na miguu ya dereva, nalo hugeuzwa petroli inapokwisha. Aliyeligeuza jana akasahau kulirudisha atalala njiani leo, na hapo injini haina hatia.

Mwisho, omba kijitabu. Kama muuzaji anacho, kaa chini ukisome chote, hata maandishi ya penseli, kabla ya kutoa fedha. Kama hana, nunua daftari siku ile ile. Langu mimi ni lile lile la mwenyewe wa kwanza, nimeendelea pale alipoachia. Jumamosi iliyopita niliandika: "Tepeti zimepimwa. Namba 3, sawa."

Kwaherini, mpaka juma lijalo.