"Ni uzee tu": magonjwa tunayoyaacha bila kutunza

Huku kwetu, koko akianza kusahau, kuanguka ao kukataa chakula, watu wa nyumba wanasema: "Ni uzee tu." Wakisha kusema hivyo, hakuna tena anayefikiri kumpeleka kituo cha afya. Lakini mengi tunayoyawekea miaka ni magonjwa yenye dawa. Mengine mtu anaweza kuyazuia kama anaanza mapema, hata akiwa na miaka 40 ao 50.

Tuanze na tansio, juu inaharibu watu wengi kimya kimya. Mtu anaweza kuishi nayo miaka bila kichwa kumuuma hata siku moja. Kipimo kikikuta 140 kwa 90 ao zaidi, na siku nyingine tena vile vile, hiyo ni tansio ya juu. Isipotunzwa inaleta kupooza, inaumiza moyo na mafigo, na pole pole inaharibu mishipa midogo ya ubongo mpaka akili inapungua. Dawa yake ni ya kila siku. Kuko wengi wanaiacha wakisikia nafuu, halafu siku moja wanaletwa mdomo umepinda na mkono hauinuki. Pesa ya dawa ikikosekana, mwambie muganga wazi. Anaweza kukutafutia ya bei ya chini. Kwa chumvi, OMS inaomba mtu mzima asipite gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja kidogo kwa vyakula vyote vya siku ile. Makayabo, na vile vidonge vya kutia ladha ndani ya mboga, vyote vinahesabika humo.

Tena kuko jambo ambalo halisemwi vya kutosha: dawa za maumivu. Diklofenaki, indometasini na ibuprofeni zinauzwa hata kando ya barabara, kidonge kimoja kimoja. Koko anazimeza kila asubuhi juu ya magoti ao mgongo. Dawa hizo zinapandisha tansio, zinaweza kutoboa tumbo mpaka mtu anatoa damu, na zinachokesha mafigo. Mwenye kuwa na tansio anaweza kunywa dawa yake vizuri na bado ikakataa kushuka, kumbe kisababu kiko ndani ya mfuko wake. Kwa magoti, paracetamol bila kupitisha kipimo ndiyo ya kujaribu kwanza.

Miguu nayo. Misuli inapungua kadiri miaka inaongezeka, na inapungua mbio zaidi kwa mtu anayekaa tu. Mama aliyelima maisha yake yote alikuwa na nguvu; vita ikamkimbiza, sasa anashinda ameketi mbele ya hema ao ndani ya chumba cha mtoto wake mjini, bila shamba. Baada ya miezi michache magoti yanatetemeka. Kuko zoezi lisilo na bei: kukaa juu ya kiti na kusimama bila kujishika kwa mikono, mara 10, asubuhi na jioni. Kutembea pia, dakika 30 siku tano za juma. Na chakula kisiwe bugali peke yake: maharagi, ndagala, sambaza, karanga ao yai vinalinda misuli. Maji anywe hata kama hasikii kiu, maana kiu inapungua na uzee. Anguko nyingi zinafanyika usiku, wakati wa kwenda choo cha inje: taa ndogo, fimbo na njia isiyo na utelezi vinaweza kuokoa mfupa wa nyonga.

Sasa akili. Hapa tunaomba familia zisome vizuri.

Mzee aliyekuwa sawa juzi, na leo anaongea maneno yasiyoeleweka, hatambui watoto ao anaona watu wasiokuwepo, huyo ni mgonjwa wa haraka. Inaweza kuwa malaria, ugonjwa wa mkojo ao wa mapafu, kukosa maji, sukari iliyoshuka, ao dawa mpya. Apelekwe siku hiyo hiyo. Kusahau kunakokuja pole pole kwa miezi na miaka ni jambo lingine, ni ubongo wenyewe unaougua. Tena kuko huzuni: mtu aliyezika watoto, aliyeacha nyumba na ng'ombe, anaweza kunyamaza na kusahau kwa sababu ya uzito wa moyo. Hiyo pia inatunzwa.

Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilicho uchawi. Mwaka wa 2021, katika Kivu ya Kusini, wamama kadhaa waliuawa na makundi ya watu baada ya kuitwa wachawi. Bibi anayezunguka usiku ao kuongea peke yake anahitaji muganga na mtu wa kumlinda. Katiba yetu, artikle ya 49, inampa mtu wa umri mkubwa haki ya kulindwa kwa namna ya pekee.

Mwaka wa 2024 wataalamu walioitwa na jarida The Lancet walitaja mambo 14, wakakadiria kwamba karibu visa 45 kwa 100 vya ugonjwa wa kupoteza akili vingeweza kuzuiliwa ao kucheleweshwa. Ndani yake kuko tansio, sukari, tumbaku, pombe nyingi, huzuni, upweke, na masikio na macho yasiyotunzwa. Mzee asiyesikia anaacha maongezi, na ubongo wake unapumzika kupita kipimo. Kwa hiyo masikio yapimwe, maana wakati mwingine ni uchafu tu umeziba. Ukungu mweupe machoni unaopasuliwa unaweza kumrudishia mtu sura za wajukuu wake. Na kwaya, likelemba ao maongezi ya jioni yasichukuliwe kuwa mchezo.

Siku ya kwenda kwa muganga, weka dawa zote za mzee ndani ya mfuko mmoja, hata za mimea. Na mtu anayelala naye nyumba moja amsindikize, juu yeye ndiye atajua kueleza mambo yalianza siku gani.