Alosteri: dawa inayotenda kutoka pembeni

Mtoto aliyeshikwa na degedege la malaria kali akifikishwa kituo cha afya, mara nyingi hupewa diazepamu kwa njia ya haja kubwa. Degedege likikatika, wazazi huambiwa dawa imetuliza ubongo. Ni kweli, ila imeutuliza kwa njia inayostahili kuelezwa.

Ubongoni mna kemikali iitwayo GABA, ipozayo msisimko wa neva. Kipokezi chake ni protini ya vipande 5 vilivyojipanga duara, katikati pakabaki tundu. GABA ikikaa mahali pake, baina ya kipande cha alfa na cha beta, tundu hufunguka, ioni za kloridi huingia, na seli ya neva hutulia. Diazepamu haikai hapo. Hukaa baina ya alfa na gama, na kutoka huko hubadili umbo la kipokezi, hata GABA ileile ikashika vizuri zaidi na tundu likafunguka mara nyingi zaidi. Ni kama kutia mafuta bawaba: kitasa hakijaguswa, lakini mlango umekuwa mwepesi. Pasipo GABA, diazepamu peke yake haifungui kitu. Babituriti, dawa nyingine za kutuliza, ni hatari zaidi kwa sababu, dozi ikiwa kubwa, hufungua tundu zenyewe, na mgonjwa anaweza kuacha kupumua.

Kutenda huku kutoka mahali pengine ndiko alosteri. Neno lilizaliwa mwaka 1961, Jacques Monod na François Jacob wa Taasisi ya Pasteur, Paris, walipokuwa wakieleza vimeng'enya. Kigiriki chake ni allos, “nyingine”, na stereos, “gumu”, kwa maana ya umbo.

Kwa Kiswahili, naona tukio lenyewe liitwe alosteri, na dawa iitwe kirekebishi cha pembeni. “Kichocheo” kingepotosha, maana si kila dawa ya aina hii huongeza. Baadhi ya kemikali ziitwazo betakabolini hukaa palepale pa diazepamu lakini hudhoofisha kazi ya GABA, na zinaweza kuleta degedege lilelile ambalo diazepamu hulikata. Kurekebisha ni kupandisha na kushusha pia.

Usalama wa diazepamu una mpaka. Ikichanganywa na pombe, au na mofini na dawa za jamii yake, pumzi inaweza kukatika. Ukiandikiwa diazepamu, mwambie daktari kila kitu kingine unachotumia.